Ukweli wa ile supu, kabla hamjaendelea kusambaza

Leo asubuhi binamu yangu wa Tanga kanipigia kuuliza kama nimeshapata dhamana. Dhamana! Nikajua hapa nisipoandika mwenyewe, kufikia Jumapili nitakuwa nimeshafungwa miaka saba Ukonga.

Kwa hiyo tusafishe kwanza hii hadithi inayozunguka, eti polisi wamenikamata hotelini kwa kudukua. Hakukuwa na polisi. Kulikuwa na mgambo mmoja, naye alikuja kula wali maharage kama binadamu wengine, na mchango wake wote katika tukio hili ni kucheka hadi wali ukampalia. Haikuwa hoteli, ni mgahawa, huu huu ulio chini ya chumba changu hapa Sinza. Na sikudukua chochote. Kudukua kunataka akili, na mtajionea wenyewe kwamba wiki hii akili haikuwepo.

Aliyesambaza mnamjua. Simtaji, atajitokeza mwenyewe hapo chini na emoji zake za kucheka. Tangu jana mchana ameshatoa matoleo matatu ya hadithi hii, na katika yote matatu kasahau kitu kimoja kidogo: sentensi iliyoniangamiza aliitunga yeye, akiwa amelala kwenye kitanda changu, anakula karanga zangu. Tutafika huko.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua mchana nahariri video kwenye ofisi ya watu Kariakoo, usiku nahariri za kwangu. Harusi, send-off, kitchen party, ukiwa na kipaimara niite. Sasa kuna send-off moja ambayo wajomba wa bibi harusi wako Muscat, na wajomba wa Muscat hawana subira. Kila siku ujumbe: "Kijana, video?" Video ina gigabaiti 6. Bando langu mimi hata likiiona video hiyo kwa mbali linaisha.

Chini kuna Wi-Fi ya bure ya wateja. Na mimi ni mteja haswa, nakula pale jioni zote za Mungu. Meneja mwenyewe aliwahi kuniambia, "Dogo, we mtu wa hapa, tumia tu." Yashikeni maneno hayo, yataniuma baadaye.

Tatizo ni ule ukurasa. Mnaujua: unajiunga na Wi-Fi, unafurahi, kisha kila unachofungua unapelekwa kwa nguvu kwenye ukurasa mmoja unaotaka ujieleze kwanza. Huu wa kwetu ulitengenezwa na mpwa wa mwenye mgahawa, na kijana yule ana bidii kupita kiasi. Unaandika jina. Unaandika namba ya simu. Unachagua nyota, 1 mpaka 5. Halafu kuna sanduku, "Huduma yetu ikoje leo?", na sanduku lenyewe halikubali chini ya herufi 20. Ukiandika "nzuri" linakukatalia. Ukiandika "nzuri sana" bado. Yaani linataka insha. Ukishamaliza insha unapewa dakika 60, zikiisha unakatwa, unaanza upya. Gigabaiti 6 kwa dakika 60 haziendi hata ukizisukuma kwa mkono.

Ndipo nikamkumbuka mzee.

Mzee ni ruta. TL-WR841N, alistaafu kutoka ofisi ya mjomba wangu, ana antena mbili na moja imefungwa utepe wa umeme shingoni. Hifadhi yake ni megabaiti 4. Nne. Picha moja ya simu yako inaweza kumjaza hadi puani. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, megabaiti 32. Nikamtoa mfumo aliokuja nao nikampakia OpenWrt 19.07, toleo lililotoka mwaka 2020 na la mwisho kuwapokea rasmi wazee wa umbo lake, baada ya hapo walifungiwa mlango. Akafufuka. Nikamfunga kwenye nondo za dirisha atazame chini mgahawani, adake ile Wi-Fi na kuirusha ndani ya chumba. Ili mawimbi yasipotee nikaweka nyuma yake mfuniko wa sufuria, lile la kupikia wali wa msiba.

Mfuniko niliuazima kwa mama mpishi. Akaniuliza, "Wa nini, mwanangu?" Nikamwambia wa mtandao. Akanipa bila swali la pili. Huyu mama mfukoni nikikauka ananiandika kwenye daftari lake, na hajawahi kunidai mbele za watu. Mifupa yenye uboho ananiwekea pembeni. Nawaambia haya ili mjue ukubwa wa dhambi.

Haya, Jumapili usiku. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: skripti ndogo ndani ya ruta, kila dakika 5 ijiulize, "Intaneti ipo?" Ikiwepo, ilale. Ikikosekana, ijaze ile fomu yenyewe na kuituma, mimi niko ndotoni. Wajomba wa Muscat wapate video, mbingu zifurahi.

Sasa, unajuaje intaneti ipo? Simu yako ina ujanja wake. Ya Android ikishaingia kwenye Wi-Fi inakwenda kuomba ukurasa mmoja wa Google ambao jibu lake sahihi ni namba 204 na ukimya mtupu. Ikipata ukimya, inajua njia ni nyeupe. Ikipata maneno, inajua kuna mtu kakaa mlangoni anadai jina, ndiyo maana ile fomu inakurukia yenyewe. Ombi lenyewe linapita kwa http ya kawaida, halina mambo mengi, hata mzee wangu angeliweza. Hayo nimeyajua jana. Jumapili sikuyajua. Jumapili nilimtuma mzee akajaribu kufungua ukurasa wa https, akaniambia hana kifurushi cha SSL, ndicho kinachofungua kurasa za aina hiyo. Nikataka nimwekee, nafasi iliyobaki ilikuwa ya kuweka aibu tu. Nikasema basi, tutumie pingi, yaani kubisha hodi kwenye kompyuta ya mbali usikie kama inaitika, mbona ndiyo kazi yake. Nikamuunganisha kwa muda na simu yangu, nikapinga 8.8.8.8, anwani ya Google, ikajibu. Nikafunga mjadala.

(Mtandao wa mgahawa haujibu pingi. Yule mpwa kaufunga. Kwa hiyo skripti yangu kila ikiuliza "Intaneti ipo?" inapata kimya, inajisemea haipo, inajaza fomu. Hata kama ipo. Hata kama imeijaza dakika 5 zilizopita. Endeleeni kusoma.)

Ili kumfundisha ruta kujaza fomu, lazima ujaze wewe mara moja kwenye kompyuta, uchungulie kile kivinjari kilichotuma, ukinakili, umpe. Ndicho nilichofanya. Jina: "Mdau". Nyota: 1, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mshale wa kipanya, sina sababu nyingine, naapa. Namba ya simu: hapa nilikusudia kuandika sufuri nyingi tu, fomu ikakataa, vidole vikaenda vyenyewe kwa mazoea. Nikatazama: namba yangu. Nikasema nitabadilisha baadaye.

Lile sanduku la insha likabaki. Nikamgeukia jamaa kitandani. "Nipe maneno yasiyopungua herufi 20." Hata hakuacha kutafuna.

"Andika: supu ya leo imepita karibu na ng'ombe tu."

Tulicheka, jamani. Tulicheka mpaka karanga zikamwagika. Na supu ya mama haina kasoro, naomba ieleweke, nimelelewa na supu ile. Sentensi ilikuwa tamu tu. Nikaiandika, nikatuma kwa kivinjari, ikapita. Nikainakili, nikampa mzee, nikamwendesha kwa mkono mara moja, ikapita tena. Kilichobaki ni ratiba. Nikawaza, tusiwachoshe watu mchana, kazi ifanyike usiku, saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Kistaarabu kabisa. Nikaandika hivi:

*/5 4-12 * * *

Wenye kazi hii, nawaona. Nyamazeni. Wengine bado hawajafika.

Nikapanga video nne kwenye foleni, nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda. Jumatatu naamka saa 11, video imekwama asilimia 9. Nikasikitika, nikaenda zangu Kariakoo na mwendokasi. Jioni narudi: asilimia 100! Sasa mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini kazi ya usiku inafanyika mchana. Mimi nilimpiga busu ruta. Busu la kweli, ana vumbi mpaka leo mdomoni.

Kisha supu ikaanza kubadilika.

Jumatatu jioni ilikuwa ya kawaida. Jumanne jioni nakuta vipande vya nyama vimeongezeka, bakuli limejaa mpaka kijiko kinakosa pa kuzamia. Si mnakumbuka niliweka picha hapa? "Kuna watu Mungu anawapenda", ndivyo nilivyoandika, na nyie mkaipenda sana, wengine mkauliza ni wapi. Picha ile ilikuwa ushahidi wa uhalifu wangu mwenyewe na mimi ndiye nimeipiga. Jumatano imekuja na tangawizi, mifupa mikubwa, limau mbili. Mama katoka jikoni, kakaa mbele yangu, kitu ambacho huwa hafanyi. Macho mekundu, nikadhani ni moshi.

"Mwanangu, we unaionaje supu?"

Na mimi, nikiwa na mfupa wa uboho mdomoni, niliochaguliwa na mikono yake mwenyewe, nikamjibu: "Iko poa mama. Ila ungeongeza pilipili."

Akatikisa kichwa taratibu, akarudi jikoni.

Katikati ya hayo kuna namba ngeni ilikuwa inanipigia. Jumanne mara tatu, Jumatano mara sita. Sikupokea. Nani siku hizi anapokea namba ngeni? Namba ngeni ni watu wa mikopo ya mtandaoni, na mimi nina historia nao.

Tufike sasa Alhamisi, yaani jana. Taratibu, maana mimi mwenyewe kila nikifumba macho naiona taratibu.

Sikwenda kazini, mashine ya ofisi iliharibika. Saa 7 mchana nikashuka kula, mara yangu ya kwanza wiki hii kula pale mchana. Mgahawa umejaa. Nikapata nafasi katikati, meza moja na mzee mmoja wa kofia. Nikaagiza ugali na samaki wa nazi. Nikaanza, mkono wa kulia umezama kwenye mchuzi mpaka kwenye kifundo, wanaokula wananielewa.

Nikaona kaunta hakuko kawaida. Mwenye mgahawa yupo, na yeye huja mwisho wa mwezi tu. Mpwa yupo na kompyuta. Meneja kashika tableti kama mtu aliyeshika cheti cha kifo. Mama mpishi kasimama mlangoni mwa jikoni, mikono kaifungia ndani ya khanga.

Mwenye mgahawa akagonga glasi. "Ndugu wateja, samahanini, mnaokula endeleeni kula. Kuna mtu anatuchafua. Tangu Jumatatu, kila siku, asubuhi mpaka alasiri, kila baada ya dakika chache anatuandikia maneno hayo hayo. Asubuhi tumegombana na mzee wa supu wa ng'ambo ya barabara tukidhani ni yeye, kumbe mzee wa watu hata simu yake ni ya tochi. Meneja, wasomee."

Meneja akakohoa. "'Supu ya leo imepita karibu na ng'ombe tu.'"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Naomba mlielewe hili, maana ndilo linaloniamsha usiku. Nilicheka wa kweli. Nilicheka kuliko wote, nikapiga meza, nikamwambia mzee wa kofia, "Duh, huyo mtu ana maneno!" Ilikuwa sentensi nzuri na nilikuwa sijui nimeisikia wapi.

Halafu meneja akaongeza, "Anajiita Mdau. Nyota moja." Kicheko changu kikabaki hewani peke yake, kama mtu aliyeshushwa na daladala njiani. Samaki aligeuka jiwe mdomoni.

"Mara 403," meneja akasema. "Na namba ni ile ile. Tumempigia tangu Jumanne hapokei. Sasa nampigia hapa hapa, mbele yenu, kwa spika."

Simu yangu ilikuwa mfuko wa kulia. Suruali ni jinzi, ile inayobana, niliyonunua kwa kujidanganya kuhusu kiuno. Mkono wa kulia una ugali. Wa kushoto nikaupitisha juu ya tumbo kwenda kulia, kimya kimya, ukafika kwenye mdomo wa mfuko ukagoma. Vidole viwili ndani, vitatu nje. Nikavuta pumzi, nikanyanyua nyonga kidogo kama mtu anayejikuna kistaarabu. Kwenye spika ya meneja nikasikia, tuuu. Tuuu.

Mlio wangu wa simu mnaujua, niliwahi kuuweka hapa mkausifia. Ni mpwa wangu wa miaka minne, nilimrekodi mwenyewe.

"Mjomba."

Unaanza kwa sauti ndogo. Nikabana paja.

"Mjomba! Simu!"

Watu wakaanza kugeuka. Nikageuka na mimi, nikatazama nyuma kwa hasira kidogo, kama kuna mtu asiye na adabu huko.

"Mjombaaa! Pokea simu, mjombaaa!"

Nikasukuma mkono, mfuko ukaushika kifundo. Sasa nimejifunga: mkono wa kushoto umenasa mfuko wa kulia, wa kulia uko juu na tonge la ugali, nimeinama upande kama nanga inataka kung'oka. Jasho. Mzee wa kofia akaniinamia, kwa upole, kwa nia njema kabisa ya mtu mzima, akauliza mgahawa mzima ukisikia:

"Kijana, mjomba si ndiyo wewe?"

Pale mwishoni mpwa wangu huwa analia. Nilimrekodi akiwa anasinzia. "Mjomba pokea baaasi, eeeh, eeeh." Ndipo mfuko ulipoachia ghafla, simu ikaruka na funguo na shilingi mia mbili, ikaanguka sakafuni chali, mwanga unawaka, namba ngeni inacheza kwenye kioo. Meneja akaitazama simu. Akatazama yake. Akakata, taratibu, kwa kidole kimoja. Mpwa wangu akakatikia katikati: "Mjo".

Hata pangaboi nadhani lilisimama.

Mama mpishi alikuwa wa kwanza kusema. Hakupaza sauti, laiti angepaza.

"Mwanangu. Si ungeniambia tu?"

Nikasikia baadaye kwamba tangu Jumanne alikuwa anaamka saa 9 usiku kuchemsha mifupa.

Nikasimama, tonge bado mkononi, nikatamka maneno ambayo hayajawahi kumwokoa mtu yeyote duniani: "Mama, si mimi. Ni ruta."

Na saa hiyo hiyo, saa 7:25 kamili mchana, kwenye tableti: ting.

Meneja akasoma. "'Mdau. Nyota moja. Supu ya leo imepita karibu na...'" Akanyamaza. Akanitazama mikono. Mmoja una ugali, mwingine mtupu, simu iko sakafuni. Juu ya skrini hesabu imepanda: 404. Nyie wa kompyuta mnajua 404 ni nini, ni kile kitu kisichopatikana. Nilikitamani.

Lakini ndugu zangu, kwa sekunde tatu niliokoka! Mgambo akaweka kijiko chini, akasema kwa sauti ya kiserikali, "Sasa kama yeye yuko hapa, hii kaandika nani? Kijana hahusiki." Watu wakaanza kuguna, ni kweli, ni kweli. Mwenye mgahawa akaanza kulegea uso. Mama akaondoa mkono kwenye khanga. Niliuona uhuru kwa macho yangu, ulikuwa na rangi ya samawati.

Ndipo mlangoni akaingia yule jamaa yenu. Alikuja kuniazima chaja. Hajui lolote, kasikia mwisho wa usomaji tu, uso ukamchanua kwa furaha ya mtunzi aliyekuta shairi lake linaghaniwa hadharani, akapaza sauti:

"Aaah, we! Ile ya supu hujaitoa mpaka leo?"

Mgambo wali ukampalia hapo.

Yaliyobaki ni mafupi. Nikaeleza, mchuzi unanikaukia mkononi. Pingi hawakuielewa hata mmoja isipokuwa mpwa, aliyeinamisha kichwa mezani mabega yanatikisika. Ya saa waliielewa wote. Mimi niliandika 4-12 kama ninavyoongea na mama yangu, saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Kompyuta haihesabu toka jua kuchomoza kama sisi, yenyewe 4 yake ni saa 10 alfajiri. Juu ya hapo, OpenWrt usipoigusa inafuata UTC, ile saa ya kimataifa, saa 3 nyuma yetu. Piga hesabu: inaanza saa 1 asubuhi, inaishia saa 10 kasoro dakika 5 alasiri. Chai ya asubuhi na chakula cha mchana, bila kukosa, mara 108 kwa siku. Na umeme, ule ule tunaoulalamikia kila siku, wiki hii haukukatika hata sekunde moja.

Tukapanda wote chumbani kuona. Wote, hadi mzee wa kofia. Mtu hajui umaskini wake mpaka watu 11 wasimame kwenye chumba chake wakitazama ruta iliyofungwa kwenye nondo kwa kamba ya kiatu. Mama aliutazama mfuniko wake. Akaufungua mwenyewe, akaupangusa kwa khanga, akashuka nao.

Yule mpwa akaniomba anwani ya MAC ya mzee, ile namba iliyobandikwa chini ya tumbo lake. Akaingia kwenye simu yake, akabonyeza vitu viwili vitatu, akasema tayari, ruta yangu haitaulizwa tena fomu, iko huru saa zote. Dakika 2. "Ungeniambia tu Jumapili," akasema. Huyo wa pili kuniambia hivyo ndani ya saa moja.

Nimeshabadilisha saa ya mzee hata hivyo, kwa heshima. Na hata hiyo ina kichekesho chake: kumwambia sisi tuko saa 3 mbele unaandika EAT-3, na alama ya kutoa. Basi mimi siandiki saa tena, nikitaka kuamka nitamwachia jogoo. Mzee wa supu wa ng'ambo tumeshakwenda kumwomba radhi, mimi na mwenye mgahawa, akatupokea vizuri na kutuuzia bakuli mbili. Kwenye daftari la mikopo jina langu limepigwa mstari, sasa nalipa kwanza ndipo nile. Jamaa anawaambia kwamba nililia nilipoomba msamaha jikoni. Sikulia. Mama alikuwa ameongeza pilipili kama nilivyomshauri, na sufuria ilikuwa wazi.

Video ya Muscat ilifika Jumatatu ile ile, kama mnauliza. Wajomba wameomba marekebisho.

Jioni nilishuka kwa kunyata nikakaa kona. Sijaagiza, mhudumu kaniletea bakuli la supu, limau, na pembeni ya kijiko kipande cha karatasi na kalamu. Jikoni nikasikia watu wanajizuia kucheka, na sauti moja naijua. Nikaandika. Nilihesabu herufi kabisa, zikavuka 20.